Mwenyeji wa kambi Lushoto

Wageni wa mahema hufika Lushoto kwa wingi kuanzia Juni hadi Agosti, wakati Ulaya ni kiangazi na kwenye milima ya Usambara ni kipupwe. Mji uko takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na juu zaidi, msituni Magamba, baridi huzidi. Anayedhani Tanzania nzima ni joto huja na shuka moja. Kwa hiyo kazi ya mwenyeji wa kambi huanzia kwenye mablanketi, maji ya kuoga ya moto na kuni. Kuni zilizolala nje kwenye ukungu hutoa moshi mtupu, hivyo huingizwa bandani mapema. Asubuhi mahema hukung'utwa umande, yakaanikwa, ndipo yakunjwe. Kazi zilizobaki ni nyepesi: kulinda mizigo na kutafuta kiongozi wa kuwapeleka wageni matembezini Irente au Mtae.