Viluwiluwi na Joto la Maji ya Mabonde Yetu

Mvua za Desemba zikisha kukolea hapa Songea, ni nadra kuona dimbwi, jaruba la mpunga au shimo lililoachwa na wafyatua matofali lisilokuwa na viluwiluwi wa chura. Na kwa kuwa aghalabu twawapita pasi na kuwatazama, wachache hutambua kwamba uhai wao wategemea mno joto la maji hayo haba.

Kiluwiluwi hana joto lake mwenyewe, bali mwili wake hufuata maji aliyomo. Yakiwa baridi, kama yateremkayo kutoka Milima ya Matogoro liliko chimbuko la mto Ruvuma, hukawia kugeuka, lakini hatimaye hutoka akiwa chura mwenye mwili mkubwa. Yakipata moto, miguu humchipua mapema na mkia hunywea upesi, akatoka nchi kavu angali mdogo, kwa sababu joto huharakisha mageuzi ya umbo lake kuliko linavyomzidishia kimo. Haraka hiyo si hasara tupu, maana dimbwi likikauka yeye angali na mkia ataangamia. Walakini maji ya moto huchukua oksijeni kidogo: kwa kipimo cha usawa wa bahari, lita moja yenye nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11, na ikifika nyuzi 30 hubaki 7 na nusu tu, ilhali mwili uliopashwa joto wahitaji zaidi.

Maumbile yamewajalia hila za kustahimili. Jua likichomoza hukusanyika ukingoni penye maji machache yaliyopata vuguvugu, na joto likizidi hukimbilia kina au kivuli. Tena waliozoea maji ya moto kwa siku kadhaa hustahimili joto kubwa kidogo kuliko wenzao. Lakini stahamala hiyo ina mpaka, na yakikaribia nyuzi 40 wengi wao hufa.

Hila hizo zataka dimbwi lenye kina na kivuli, nasi ndivyo tuviondoavyo tunapokata mikuyu ya kandokando ya vijito na kulima hadi majini, yakabaki maji ya kina kimoja yaliyoachwa wazi kwa jua la adhuhuri. Najua kwamba mboga za bondeni wakati wa kiangazi ni riziki na ada za shule, wala sitamlaumu mkulima; lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, na chura alaye wadudu wa shamba ni msaidizi wa mkulima huyo huyo. Na tukiyavuruga maji yake twaweza kumpoteza: hata chura wa Kihansi wa hapa nchini, ambaye huzaa watoto wasiopitia hali ya kiluwiluwi, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, baada ya maporomoko yaliyokuwa yakimnyunyizia maji kupunguzwa kwa ajili ya umeme.

Basi nawasihi viongozi wa vijiji na mitaa yetu wapime mita hizo 60 kabla ya msimu ujao wa kulima, nasi wenye mashamba ya bondeni tuirudishe mikuyu tuliyoikata.