Aliyeumia uti wa mgongo asifichwe ndani

Miongoni mwa mitihani mizito inayowafika waja ni kuumia uti wa mgongo. Hapa Dodoma, kama kwingineko nchini, wapo walioanguka kwa pikipiki au kutoka mtini wakapooza kuanzia kiunoni. Jamii huiona miguu isiyotembea, haikioni kibofu kisichopokea tena amri ya ubongo. Mkojo huvuja bila hiari, au hubakia ndani hata ukaziharibu figo.

Elimu ya tiba haikulala. Katika miaka ya 1970, mwanasayansi Giles Brindley wa London alibuni kifaa cha umeme kinachopandikizwa kwenye neva zitokazo chini ya uti wa mgongo. Mgonjwa hukiwasha kutoka nje ya mwili, kibofu kikajikaza na kutoa mkojo. Hata hivyo upasuaji wake ni mkubwa, wa gharama, na kwa kawaida hukata neva nyingine za hisia.

Sisi tunasema, wakati neema hiyo ikiwa mbali na wengi, iliyo karibu isipuuzwe. Mpira safi wa mkojo, unaoingizwa na kutolewa kila baada ya saa 4 hadi 6, huzilinda figo, na mwenye mikono mizima hufundishwa kujihudumia. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Hilo ni jambo la kushukuriwa, lakini kuilinda figo ni bora kuliko kuibadilisha.

Wengine hupunguza kunywa maji ili wasilowe, nao huishia kupata vijiwe na maambukizi. Wengine huacha swala kwa kuona haya. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi wamekwishabainisha kwamba asiyeweza kuuzuia mkojo hujisafisha, hujifunga vyema, hutia udhu baada ya wakati kuingia, kisha huswali faradhi yake pasi na kuchelewa. Kinachomtoka bila hiari hakimharibii swala. Na akijihifadhi asiuchafue msikiti, mlango uko wazi kwake.

Basi ndugu Waislamu, ikiwa sheria imemwondolea uzito, kwa nini sisi tumwongezee? Sadaka zetu zinunue mipira ya mkojo na maji safi, na kamati za misikiti zijenge njia za viti vya magurudumu na vyoo vinavyofikika. Tunamuomba Allah (S.W.) awape wagonjwa wetu shifaa, na sisi atupe moyo wa kuwahudumia. Amin.