Grande Hotel ya Beira: nani kasema ina mizimu?

Bila shaka mmeshaiona picha ya lile gofu la Msumbiji: ghorofa kubwa limepauka, madirisha hayana vioo, majani yameota ukutani. Wanaiita "hoteli ya mizimu". Mshkaji wangu mmoja kaapa halali humo hata umpe milioni kumi.

Haya, tuongee ukweli. Hiyo ni Grande Hotel ya Beira, mji ulio jirani na Sofala, bandari ya kale ambayo dhahabu yake iliitajirisha Kilwa yetu. Ilifunguliwa mwaka 1954, enzi za Mreno, ikiwa na vyumba zaidi ya 100, ngazi za kifahari na bwawa la kuogelea la kiwango cha Olimpiki. Walengwa walikuwa matajiri, wakiwemo walowezi wa Rhodesia waliokuja kula upepo wa bahari. Mwafrika kazi yake humo ilikuwa kubeba mizigo na kufua mashuka.

Sasa hao matajiri hawakuja wa kutosha, na kasino iliyotegemewa kuleta pesa haikupata kibali. Mwaka 1963, miaka tisa tu, hoteli ikafungwa. Hapo hakuna jini wala uchawi. Ni hasara, basi. Bwawa peke yake likaendelea kutumika, waogeleaji wakifanyia mazoezi.

Uhuru ukaja mwaka 1975. Serikali mpya ikalitumia jengo kwa mambo yake, na kule chini ya ardhi pakawa jela ya wafungwa wa kisiasa. Kama hadithi za usiku zinatafuta pa kuanzia, mimi naona ni hapo, lakini ajabu ni kwamba wasimuliaji wengi wa mizimu hawaitaji kabisa hiyo jela. Jini halimuudhi mtu, jela lazima uulize nani alimfunga nani.

Halafu vita, 1977 hadi 1992. Watu walikimbia vijijini wakaingia mjini bila kitu, wakaona jengo kubwa tupu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wakahamia. Vita viliisha, wao wakabaki, wakazaa humo. Makadirio hupanda na kushuka, kuanzia 1,000 na kitu hadi zaidi ya 3,000. Umeme hakuna, maji ya bomba hakuna. Mbao za sakafu zilishapikiwa ugali zamani, vyuma vikauzwa, bwawa likawa pa kufulia nguo. Kuna genge, kuna vyumba vya kupangisha, kuna ndoa na talaka kama mtaa wowote ule. Mtengenezaji filamu Licínio Azevedo aliingia na kamera, akatoa filamu ya Hóspedes da Noite mwaka 2007. Itafuteni, inafungua macho.

Kinachotisha humo mimi nakijua: mashimo ya lifti zilizong'olewa. Hayana mlango wala kizuizi, na watu wameanguka humo wakafa. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kikaipiga Beira, na jengo ambalo kila mtu anasema litaanguka kesho halikuanguka.

Sasa sikilizeni kwa nini hili jina la mizimu linanikera. Nyumba ya mizimu ni nyumba isiyo na mtu, na isiyo na mtu unaibomoa bila kumuuliza yeyote. Ukiwaita wapangaji "vivuli", huna haja tena ya kusema watapelekwa wapi. Wanaotaka libomolewe wana hoja, zege limeoza na chuma kinaonekana, sibishi. Ila aliye humo anatembea kwa miguu hadi sokoni kuuza samaki na mboga. Ukimhamishia nje kabisa ya mji, nauli itamla mtaji wote.

Wadau mliowahi kufika Beira, hebu tupeni habari: huko wenyewe wanaliitaje jengo lao?