Breki Kabla ya Kuteremka Mbamba Bay

Atokaye Mbinga kwa gari kwenda Mbamba Bay huyaacha mashamba ya kahawa ya Umatengo na kuteremka hata Ziwa Nyasa, penye kimo cha mita 475 hivi juu ya bahari. Lami imerahisisha mwendo, mteremko haikuupunguza. Basi breki na zikaguliwe Mbinga.

Gari likiwa limesimama, injini ikinguruma, kanyaga pedeli na uishikilie nusu dakika. Ikizama polepole chini ya mguu, na pasiwe na tone lililovuja popote, aghalabu mipira ya ndani ya silinda kuu, ile mafundi waiitayo masta, imelika: mafuta hurudi nyuma yake badala ya kusukumwa magurudumuni. Kuongeza mafuta hakuponyi maradhi hayo. Wako madereva wajisifuo kwamba wakikanyaga mara mbili gari husimama. Huo ni ujinga mtupu.

Masta mpya hujazwa mafuta na kutolewa hewa kabla ya kufungwa, kisha hewa hutolewa katika kila gurudumu. Mafuta ya injini yasitiwe humo kamwe, kwani huivimbisha mipira. Na mafuta ya breki yenyewe hunywa unyevu: DOT 4 iliyo mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, bali ikiisha kunywa maji yaweza kuchemka kwa 155. Hapo breki zikipata moto mlimani, mvuke hushika mahali pa mafuta, na pedeli huenda bure. Kwa hiyo yabadilishwe kila miaka 2, na mteremko ushukwe kwa gia ndogo.

Mwenye watoto garini ana haki ya kumtaka dereva afanye jaribio hili kabla hawajapanda.