Risasi Kuukuu si Mali ya Kuweka Darini

Nchi ya Unyamwezi imepitiwa na bunduki za kila namna. Misafara ya pwani ilileta magobore, na Mirambo akayafanya nguzo ya dola yake hadi alipofariki mwaka 1884. Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipozidiwa na Wajerumani Januari 1893, aliilipua ghala yake ya baruti kuliko kujisalimisha. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora tarehe 19 Septemba, na kikosi cha Waingereza kikateremka kutoka Mwanza kwa njia ya Shinyanga. Si ajabu, basi, mkulima wa Nzega akiinua jembe na kukuta kitu cha shaba chenye ncha.

Linalotutia hofu ni lile linalofuata. Aghalabu kitu hicho husuguliwa kwa majivu mpaka king'are, kikawekwa darini chini ya bati, na mtoto akakipata.

Kuitambua risasi ni elimu yenye manufaa, nasi hatuipuuzi. Ile ya Kiingereza, iitwayo "three-o-three", ina ukingo uliotokeza kwenye kitako, na ndani yake baruti ya vijiti vyembamba mfano wa tambi. Ile ya Mauser ya Kijerumani ya milimita 7.92 haina ukingo huo, bali mfuo umezunguka kitako. Iliyo nene, yenye kichwa cha risasi tupu, huenda ni ya bunduki ya mwaka 1871, ambayo askari wengi wa Wajerumani walikuwa nayo bado vita vilipoanza mwaka 1914. Kwenye kitako husomwa alama za kiwanda na mara nyingi mwaka.

Lakini kujua jina la risasi si kujua hali yake. Ukungu wa kijani, ufa shingoni, kichwa kinacholegea au fataki yenye kutu ni sababu tosha ya kuikataa. Kukosekana kwa dalili hizo, hata hivyo, hakuthibitishi kitu. Baruti huharibika ndani kwa joto na miaka, na jicho halioni humo. Majeshi hupima risasi kwa kuchukua sampuli katika shehena ambayo historia yake yajulikana. Risasi moja ya darini haina shehena wala historia. Na iliyosuguliwa ndiyo mbaya zaidi, kwani imefutiwa ushahidi wake.

Baruti iliyochoka huweza kuiacha risasi katikati ya mtutu. Ya pili ikifyatuliwa nyuma yake, mtutu hupasuka usoni mwa mwenye bunduki. Pengine fataki hugongwa, kimya kikapita, kisha ikalipuka. Mwenye bunduki ya kibali imempasa aelekeze mtutu mahali salama na asiifungue upesi. Tena yampasa atumie risasi zilizonunuliwa kihalali tu.

Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, maghala ya jeshi yalilipuka na watu wengi wakapoteza maisha. Huko palikuwa na silaha nzito na wataalamu wa kuzitunza. Darini kwetu hakuna mtaalamu.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yataka kibali, na wengi huficha kwa kuogopa kuhojiwa. Hofu hiyo tunaielewa. Serikali ilitoa misamaha ya kusalimisha silaha mwaka 2022 na mwaka 2023, lakini jembe halichagui msimu wa msamaha. Kwa hiyo twawaomba wakuu wa polisi wilayani watamke hadharani, katika mikutano ya vijiji, kwamba anayetoa habari ya risasi aliyoiokota shambani atapokewa kama msaidizi, wala si mtuhumiwa. Mwananchi naye asiibebe mfukoni wala ndani ya basi kwenda kituoni. Aiache ilipo, aweke alama, awaondoe watoto, amwite mwenyekiti wa kijiji, na polisi waje wenyewe kuichukua.