Sayansi kwa Kiswahili: Maji Matamu ya Ghubra

Wanachama wenzetu, safari hii tuko Ghubra, Maskati, ufukweni mwa Bahari ya Omani. Mji hauna mto utiririkao mwaka mzima, na kila lita ya bahari ina zaidi ya gramu 35 za chumvi. Anayeyanywa maji hayo huzidi kiu, maana figo hutumia maji mengi kuliko aliyokunywa ili kuitoa chumvi.

Mwaka 1976 kiwanda cha Ghubra kilianza kukeneka: maji yawe mvuke, mvuke upozwe uwe maji. Chumvi hubaki nyuma.

Je, kuchemsha bahari si gharama kubwa mno? Hapa ndipo penye fizikia. Tumezoea kusema maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini hiyo ni usawa wa bahari. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo, na maji huchemka kwa nyuzi kama 80.

Katika kiwanda cha aina hiyo, maji yaliyopashwa moto hupita vyumba mfululizo, kila kimoja kikiwa na kanieneo ndogo kuliko kilichotangulia. Kila yaingiapo chumba kipya, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, bila moto wa ziada. Mvuke ukipoa, joto lake huyapasha maji mapya ya bahari. Moto mmoja, kazi nyingi.

Swali letu: kwa nini sufuria ya presha huivisha maharage haraka? Geuzeni hoja ya Kilimanjaro juu chini, mtalipata jibu.