Chakula cha Sultani Mkononi mwa Hamali



Ndugu zangu wasomaji, na hasa nyinyi akina mama ambao jiko ni ufalme wenu, juma hili natuzungumze juu ya neema ndogo: ile ambayo mtu huila akiwa amesimama, akalipa kidogo, akafuta mkono, akaenda zake. Nakusudia vyakula vya barabarani vya Bara Hindi. Msidhani ni jambo la mbali nasi. Bajia, chapati, achari, na hata karai lenyewe tunalokaangia, majina yake yalivuka bahari kutoka huko yakafika pwani hii na wasafiri na wafanyabiashara.

Natuanze na sambusa. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alipita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa, akaandika kwamba wenyeji ni watu wa dini, na misikiti yao ya mbao imejengwa kwa ustadi. Miaka michache baadaye alikuwa Delhi kwa Sultani Muhammad bin Tughluq, na katika vyakula vya huko alivyovieleza imo sambusa: nyama iliyokatwakatwa, ikapikwa kwa lozi, vitunguu na viungo, ikatiwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Hicho kilikuwa chakula cha jumba la mfalme. Leo, katika mji huohuo, sambusa hukaangwa kando ya njia, na mara nyingi mahali pa nyama pamekaa kiazi, na aliyeishika mkononi ni hamali aliyetua mzigo. Kiazi chenyewe hakikujulikana Bara Hindi zama hizo, wala pilipili ya kuwasha. Asili yake vyote viwili ni bara la Amerika, navyo vilifika Asia baada ya Wareno kuifungua njia yao ya bahari. Kilichokuwa cha wakubwa kimewashukia wadogo, na katika ladha hapana aliyepunjwa.

Ukienda kusini, katika mji wa Hyderabad, mwezi wa Ramadhani una harufu yake. Masufuria makubwa ya halimu huwekwa motoni tangu mchana: ngano, dengu na nyama, vikapikwa saa nyingi na kupondwa kwa mti mpaka vikashikana. Mwenye kulijua bokoboko letu hahitaji kuelezwa zaidi, kwani ni ndugu wa tumbo moja, wote wakiwa wana wa harisa ya Waarabu. Mwaka 2010 serikali ya India ilikipa chakula hicho cha Hyderabad hifadhi ya jina, asije mtu wa mahali pengine akauza chake kwa sifa ya mji huo.

Ama Mumbai, watu wetu wengi huijua kwa sababu ya maradhi. Humpeleka mgonjwa kwa matabibu, wakakaa huko majuma. Nami nilipata kumsindikiza jamaa yangu. Mwenye kuuguza hana nafasi ya kukaa mkahawani. Chakula chake ni kile kilicho karibu na mlango. Hapo ndipo nilipoijua vada pav: kiazi kilichopondwa kwa kitunguu saumu, tangawizi, bizari na kotmiri, kikaviringwa, kikachovywa katika unga wa dengu, kikakaangwa, kisha kikabanwa ndani ya kijimkate laini kwa chatne na pilipili. Ni binamu wa viazi karai vyetu, ila huyu amevaa kanzu ya mkate. Na kwa Muislamu aliye safarini kuna wepesi, kwani vingi katika vyakula vya njia za mji huo ni vya nafaka na mboga.

Katika foleni nilisimama baina ya karani aliyevaa tai na kijana msukuma rukwama. Hapana aliyepishwa kwa ajili ya tai. Muuzaji alitazama zamu tu, na kila mmoja alipata sawa na mwenzake kwa bei ile ile. Muuguzi aliporuhusu, nilimpelekea mgonjwa wangu kipande. Alikuwa na siku tatu akiisukuma kando sahani. Hicho alikila, akauliza kama kimebaki.

Chakula hicho kina historia ya watu wa kazi. Husimuliwa kwamba kilianza kuuzwa miaka ya 1960 karibu na stesheni ya Dadar, wakakipenda wafanyakazi wa viwanda vya nguo, kwa kuwa kilishibisha, kilikuwa rahisi, na kiliweza kuliwa njiani. Mwaka 1982 wafanyakazi wa viwanda hivyo wapatao 250,000 waligoma. Mgomo ukadumu zaidi ya mwaka, na viwanda vingi havikuinuka tena. Watu kwa maelfu wakakosa kazi, na baadhi yao wakaweka karai barabarani. Basi utamu huu tunaousifu ni riziki ya mtu aliyefungiwa mlango mwingine.

Wala si wanaume peke yao. Katika mji wa Ahmedabad kuna uwanja uitwao Manek Chowk, ambao mchana ni soko la masonara, na usiku hujaa wapishi na walaji. Wanawake wauza mboga na matunda wa mahali hapo wamechuuza kizazi baada ya kizazi, binti akirithi nafasi ya mamake. Walikuwa wakifukuzwa, wakitozwa faini, na vikapu vyao kuchukuliwa. Wengi walijiunga na SEWA, chama cha wanawake wanaojitafutia riziki, kilichoasisiwa mjini humo mwaka 1972 na Bi. Ela Bhatt, mwanasheria. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya India ilitamka kwamba kuchuuza kando ya njia ni haki inayolindwa na katiba, ingawa serikali yaweza kuiwekea utaratibu. Mwaka 2014 ikapitishwa sheria ya kuwalinda wachuuzi: miji iwe na kamati, wachuuzi wasipungue asilimia 40 ya wajumbe wake, na theluthi moja ya hao wawe wanawake. Sheria ni jambo moja na utekelezaji ni jingine, na malalamiko hayajakwisha. Lakini aliyekuwa akihesabiwa uchafu wa njia amekwisha kuandikwa kuwa mtu mwenye haki.

Sasa natujitazame sisi wenyewe. Jioni, katika mitaa yetu, ni nani aliyeketi nyuma ya karai? Mara nyingi ni mama mjane, au aliyeachwa na watoto mkononi. Bajia zake ndizo ada ya madrasa na sare ya shule. Na bado nimemsikia mtoto akiulizwa kazi ya mamake, akainamisha kichwa, akasema, "Hana kazi." Mwanangu, mama aliyeamka alfajiri kuroweka dengu hana kazi? Nabii Daud, alayhi salaam, alikuwa mfalme, na juu ya hayo alikula kwa kazi ya mkono wake. Inua kichwa, umsaidie kubeba meza.

Nasi wanunuzi tuna adabu zetu. Yuko mtu akiingia duka kubwa hulipa bei iliyobandikwa pasi na neno, kisha akija kwa muuza viazi akagombania shilingi tano. Yuko mwingine akila leo na kesho kwa ahadi ya kulipa, mpaka mtaji wa mama wa watu ukamalizikia tumboni mwake. Deni la bajia ni deni, nalo litaulizwa.

Na wewe mama muuzaji, heshima ya chakula chako iko mikononi mwako. Kifunike nzi wasikitue, osha mikono, umwage mafuta yaliyokuwa meusi, na chatne uitengeneze kwa maji yaliyochemshwa. Usikifungie ndani ya gazeti. Mamlaka ya usalama wa chakula ya India imekwisha kuonya kwamba wino wake hudhuru. Mpe mtoto wa jirani sawa na umpavyo tajiri.

Basi jioni ya leo mtume mwana kwa jirani mwenye karai, na pesa taslimu mkononi, na salamu zako zitangulie. Mwenyezi Mungu atubarikie vyakula vyetu na mikono inayovipika.